Nyumba ya Tangawizi: Njia Yake Ilipita Kwetu



Mwaka jana, wiki mbili kabla ya Noeli, tulipokea boksi. Dada mmoja anayejitolea na shirika fulani alitoka nalo Kampala kwa teksi, akalipakata magotini njia nzima, na bado lilifika limevunjika. Juu yake kulikuwa na picha ya nyumba ndogo ya kahawia, paa jeupe, madirisha ya peremende. Ndani mlikuwa na kuta za biskuti. Ukuta mmoja ulikuwa vipande sita. Paa lilikuwa limegeuka unga.

Watoto walizunguka meza wakanyamaza. Halafu mmoja wao, mtoto wa miaka tisa aliyezaliwa Bunia, akasema kwa sauti ya mtu mzima kabisa: "Hii wameshaibomoa." Tulicheka, lakini si sana.

Insha hii ilianzia hapo. Wengi wetu tulikuwa hatujaona nyumba ya biskuti isipokuwa kwenye filamu. Tulijua ni mambo ya Wazungu, na mambo ya Wazungu ukiletewa unasema asante, unapiga picha, basi. Lakini mwenzetu mmoja mwenye kupenda ubishi akachukua boksi, akasoma yaliyoandikwa ubavuni, akauliza: tangawizi si iko sokoni hapa? Karafuu si ya Zanzibar? Sukari si inatoka Kakira, tunaona malori ya miwa kila siku? Sasa huyo Mzungu ameleta nini?

Ameleta umbo la nyumba, tulimjibu. Naye akasema, sawa, na hilo umbo amelitoa wapi? Hatukuwa na jibu. Kwa hiyo tulisoma, tukauliza wazee, tukagombana. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Tuanze na tangawizi yenyewe. Asili yake si Ulaya wala Afrika, ni Asia ya kusini na mashariki. Kitu kilichotushangaza ni kwamba hakuna pori duniani ambako inajulikana kuota yenyewe. Kila tangawizi unayoiona imepandwa na mkono wa mtu, kutoka kipande cha tangawizi nyingine. Unaikata, unaibeba, unaifukia mahali pengine, inachipua. Mabaharia wa Bahari ya Hindi waliibeba hivyo tangu zamani sana. Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Mogadishu, akaandika alivyokaribishwa chakula: wali wenye samli na kitoweo, na pembeni vitu vya kuchangamsha mdomo, ndimu na pilipili za kutiwa chumvi, maembe, na tangawizi mbichi. Wenzetu Wasomali wa hapa Jinja walipoisikia hiyo walitembea kwa maringo wiki nzima. Mwaka 1331! Wakati huo tangawizi kule Ulaya ya kaskazini ilikuwa kitu cha matajiri na watawa, inapimwa kwa mizani ndogo kama dawa.

Hapa Uganda leo inalimwa sana, hasa upande wa Butambala, na Waganda wanaiita entangawuuzi. Sikiliza hilo neno vizuri utasikia limepanda kutoka pwani pamoja na mzizi wenyewe.

Sasa Ulaya. Mji uliojulikana zaidi kwa keki za tangawizi ni Nuremberg, Ujerumani. Sababu yake si ufundi peke yake. Mji ule ulikuwa kwenye makutano ya njia za biashara, viungo vikapita pale kutoka Venice, na kando yake kulikuwa na misitu mikubwa yenye nyuki. Asali na viungo vikikutana, mwokaji anapata kazi. Mwaka 1643 waokaji wa keki hizo walipewa chama chao cha ufundi, mbali na waokaji wa mikate ya kawaida. Nchi nyingine nazo zilikuwa na zao. Wabelgiji waliotawala Kongo wana biskuti yao nyembamba ya mdalasini na karafuu, spekulosi, ambayo huikandamiza kwenye kibao cha mti kilichochongwa sura ya Mtakatifu Nikolasi kwa ajili ya sikukuu ya tarehe 6 Desemba. Wakubwa wetu waliosoma shule za mapadri huko Kivu wanaikumbuka hiyo sikukuu ya peremende.

Lakini angalieni: mpaka hapo hakuna nyumba. Kuna keki bapa, yenye umbo la moyo, la mtu, la mfalme. Nyumba ilitoka kwenye hadithi.

Mnamo Desemba 1812 ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, walitoa kitabu cha hadithi za Kijerumani. Moja ni ya Hansel na Gretel. Wengi mnaijua kwa juu juu: watoto wawili, nyumba tamu, mchawi, tanuri. Sisi tulipoisoma kwa utulivu, kitu kilichotukamata ni mwanzo wake, ambao katuni zinaupita mbio. Njaa imeingia nchini. Mkata kuni na mke wake hawana mkate wa kutosha watu wanne. Usiku mke anamwambia mume: kesho tuwapeleke watoto katikati ya msitu tuwaache huko. Watoto wana njaa, hawajalala, wamesikia kila neno.

Tulikuwa kumi na moja usiku ule, tunasoma kwa zamu kwenye simu moja. Baada ya sehemu hiyo hakuna aliyetaka kuendelea kusoma kwa sauti. Kati yetu kuna waliotembea msituni Ituri siku nne. Kuna mmoja aliyeachwa kwa jirani akaambiwa mama anarudi. Hatutaandika zaidi ya hapo kwa sababu hiyo habari ni yake.

Kuna jambo lingine. Katika kitabu cha kwanza, mwanamke aliyetoa shauri hilo alikuwa mama mzazi wa watoto. Ndugu Grimm waliendelea kurekebisha hadithi zao kila zilipochapwa upya, na katika toleo la mwaka 1840 mama akawa mama wa kambo. Inaonekana wasomaji wa mjini hawakuweza kuvumilia kwamba njaa inaweza kumfikisha mama mzazi pale. Sisi tunaona toleo la kwanza lilikuwa la kweli zaidi. Njaa haiulizi kama umezaa au hukuzaa.

Basi watoto wanapotea, siku ya tatu wanaiona nyumba. Ndani ya kitabu nyumba hiyo haina hata tangawizi. Kuta zake ni mkate, paa ni keki, madirisha ni sukari. Yaani nyumba ya mkate! Mtoto aliyefukuzwa kwa sababu ya mkate anaota nyumba ya mkate. Mtu aliyeshiba asingeibuni.

Jinsi mkate ulivyogeuka tangawizi ni habari ya karne ya 19. Waokaji wa Ujerumani tayari walikuwa na unga mgumu wa tangawizi ambao ukiuoka hauvimbi, unakauka kama ubao, kwa hiyo unaweza kusimamisha ukuta. Kilichokuwa kinakosekana ni sukari ya bei rahisi ya kugandishia na kupambia. Mwaka 1747 mkemia Marggraf wa Berlin alionyesha kuwa mizizi fulani ya shambani, jamii ya bitiruti, ina sukari ileile ya miwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1800 viwanda vikaanza kuikamua. Kidogo kidogo sukari ikashuka kutoka meza ya tajiri hadi dirisha la duka. Nyumba za biskuti zikaenea. Kisha tarehe 23 Desemba 1893, katika mji wa Weimar, Engelbert Humperdinck akatoa opera yake ya Hansel na Gretel. Maneno yaliandikwa na dada yake, Adelheid Wette, na kazi yote ilianza kama nyimbo za mchezo wa watoto nyumbani. Kwenye opera hiyo nyumba ni ya tangawizi waziwazi, na kwa kuwa ilichezwa siku mbili kabla ya Noeli, mpaka leo watu wa kule huiona kama kitu cha Noeli, ingawa hadithi yenyewe haina Noeli hata kidogo.

Hiyo ndiyo historia wanayoiandika kwenye maboksi, na kwa sehemu yake ni sahihi. Sasa njooni upande wetu.

Karafuu. Bila karafuu keki ya Nuremberg haina harufu yake. Zamani zilitoka visiwa vya Maluku, Indonesia. Mnamo mwaka 1818 hivi miche ilikuwa imefika Unguja, na Sultani Seyyid Said, aliyehamishia makao yake kutoka Oman, akawasukuma Waarabu wenye mashamba wapande kwa nguvu. Katikati ya karne hiyo Unguja na Pemba zilikuwa zinatoa sehemu kubwa ya karafuu zote za dunia. Wamarekani walikuwa na mkataba wa biashara na Zanzibar tangu 1833. Kampuni ya O'Swald ya Hamburg ilifungua nyumba yake ya biashara Zanzibar mwaka 1849, na mwaka 1859 miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck ikatia saini mkataba na Sultani. Kwa hiyo katika miaka ileile ambayo nyumba za biskuti zilikuwa zinaenea Ujerumani, meli za Wajerumani zilikuwa zinafunga nanga Zanzibar.

Na karafuu nani alizichuma? Watumwa. Karafuu inachumwa ikiwa tumba, kabla haijafunguka, mtu yuko juu ya mti, mkono mmoja kwenye tawi. Wengi wa watumwa hao walitoka upande wa ziwa Nyasa, na baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1870, wakaongezeka waliotoka Manyema, yaani Kongo ya mashariki, kupitia Nyangwe, Kasongo, Ujiji, hadi Bagamoyo. Hamed bin Muhammed, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Tippu Tip, aliyetawala Kasongo kwa bunduki, ndiye huyohuyo aliyekuwa na mashamba saba ya karafuu Zanzibar. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja na Pemba mpaka 1897. Opera ya Weimar ni ya 1893. Fanyeni hesabu.

Kuna mzee wetu mmoja kutoka Kasongo, tunamwita Papa kama wote wanavyomwita, ambaye hupenda kukaa nasi jioni. Tulipomsomea hayo hakushtuka. Alisema kwao wazee walikuwa wakisema mtu aliyechukuliwa "amekwenda pwani", na maana yake hatarudi. Hakujua pwani walikwenda kufanya nini. Alichukua karafuu moja kutoka kwenye kikopo chetu cha viungo, akainusa, akairudisha. Kisha akaomba chai.

Tunaandika hili bila kumlaumu mtu anayeoka biskuti leo. Tunasema tu kwamba kijana wa Maniema akiambiwa nyumba ya tangawizi si ya utamaduni wake, amedanganywa kidogo.

Sukari sasa, na hapa tunarudi nyumbani Jinja. Kwa mgeni wa mashirika ambaye anapita Jinja kwa ajili ya mto tu: mji huu ulijengwa na sukari na pamba kabla ya bwawa la umeme la mwaka 1954. Kiwanda cha kwanza kikubwa cha sukari Uganda kilifunguliwa Lugazi mwaka 1924 na Nanji Kalidas Mehta. Mwaka 1930 Muljibhai Madhvani, aliyetoka Gujarat akiwa kijana, akafungua cha Kakira, kilomita chache mashariki ya hapa tulipo. Wafanyakazi wa kukata miwa wengi hawakuwa wenyeji wa Busoga. Walitoka West Nile, Rwanda na Burundi, walikuja kwa miguu, wengine wakikimbia kodi na kazi za shokoa za Wabelgiji. Kwa hiyo Mrundi wa leo anayekuja kutafuta kibarua Kakira anafuata njia ambayo babu yake huenda aliipita.

Ukipita barabara kuu ya Jinja, inua macho. Juu ya maduka ya zamani utaona majina ya Kihindi na miaka imechorwa kwa saruji kwenye kipaji cha nyumba. Walioandika majina hayo walikuwa na uhakika watabaki. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90. Makumi ya maelfu waliondoka Uganda, wengine wakaishia kwenye kambi za zamani za jeshi huko Uingereza, na blanketi za kupewa, na foleni ya chakula. Manubhai, mtoto wa Muljibhai, alifungwa gereza la Makindye kabla ya kutoka. Kiwanda cha Kakira kilikufa polepole. Jaja mwenye nyumba tunayopanga hapa Kimaka anakumbuka miaka ambayo mtu anaishi kando ya mashamba ya miwa na bado anakunywa chai bila sukari, kwa sababu sukari ilikuwa ya magendo na ya wakubwa. Familia ya Madhvani ilirudi katikati ya miaka ya 1980, kiwanda kikafufuliwa. Nyumba nyingi za barabara kuu zilikuwa na wakaaji wengine.

Kwa hiyo tunaishi kwenye mji wa sukari uliojaa nyumba za watu waliokimbia. Hatukuwa tumelifikiria hivyo kabla ya lile boksi.

Baada ya kusoma yote haya tulikata shauri: tutaoka wenyewe. Tuliwaandikia na wenzetu wa Mbale, wakasema watatafuta unga, maana ngano inalimwa kule juu, Kapchorwa na Bukwo. Ule uliofika ulikuwa wa dukani kama wetu, lakini nia ilikuwa njema. Hivi ndivyo tulivyofanya, kwa anayetaka kujaribu. Kilo moja ya unga wa ngano. Robo kilo ya Blue Band. Badala ya ile asali nyeusi ya sukari wanayotumia Wazungu, tuliweka sukari guru, ile ya mabonge ya kahawia inayopikwa vijijini Busoga, gramu 300 hivi, ikayeyushwa na maji kidogo na vijiko vinne vya asali. Vijiko vitatu vidogo vya tangawizi kavu iliyosagwa, viwili vya mdalasini, nusu ya karafuu. Yai moja. Usiweke hamira wala baking powder, kwa sababu ukuta ukivimba hautakutana na mwenzake. Unaukanda, unauacha upoe, unausukuma unene wa nusu sentimita, unakata kwa kufuata karatasi uliyochora kwanza. Sisi tulipeleka kwa mwoka mikate mwenye tanuri la kuni, akatuachia nafasi saa nne usiku mikate yake ilipoisha. Kwa sufuria yenye mchanga juu ya sigiri (babula kwetu) inawezekana pia, ila ni kipande kimoja kimoja na uvumilivu mwingi.

Saruji ya nyumba ni ute mweupe wa mayai mawili uliopigwa na sukari laini hadi ukisimamisha uma unabaki umesimama. Sukari laini ya dukani ni ghali, tulitwanga ya kawaida kwenye kinu na kuichekecha kwa kitambaa. Kuta unaziacha zikauke usiku kucha kabla ya kuweka paa. Hapo ndipo watu hukosea, wana haraka ya paa. Mafundi wa kweli katika kundi letu, wanaofanya vibarua vya ujenzi Walukuba, walitukumbusha: paa lina uzito, na uzito wake unasukuma kuta nje.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa juu ya umbo. Karatasi iliyotoka kwenye boksi ilikuwa ya nyumba yenye paa kali la kuteremsha theluji. Theluji gani? Mtoto wa Bunia alitaka nyumba ya matofali yenye paa la bati na baraza. Mdogo wake, aliyezaliwa Kyangwali, alitaka hema, kwa sababu ndiyo nyumba ya kwanza aliyoijua, ya miti na turubai jeupe. Watu wazima walitaka kumkatalia, eti hema si nyumba. Yeye akauliza, basi mimi nilizaliwa wapi? Hema likaokwa. Na msichana mmoja wa Sudan Kusini akataka tukul, nyumba ya mviringo.

Hiyo tukul ilitula siku tatu. Biskuti haipindi. Mara ya kwanza tulizungushia unga kwenye kopo lililosimama, likatoka na ufa kutoka juu mpaka chini. Mara ya pili tulilaza makopo mawili ya maziwa ya unga, tukayapaka mafuta, tukayafunika karatasi, tukatandaza unga mgongoni mwa kila moja, tukaoka hivyohivyo. Yakatoka magamba mawili ya nusu duara. Tukayaunganisha kwa sukari, mlango upande wa ufa. Paa likawa pembetatu nane zinazoegemeana, na mama yake akakaa pembeni akieleza jinsi kwao paa linavyofumwa chini na wanaume wakalinyanyua. Hakuna boksi duniani lenye hiyo.

Ugomvi wa pili ulikuwa hadithi. Kijerumani hizi nyumba zinaitwa pia nyumba za mchawi. Tungewasimulia nini watoto? Wengine wakasema hadithi ni hadithi. Lakini kuna wenzetu wa Kivu Kusini ambao wanajua vijiji ambako bibi wazee waliuawa kwa kusingiziwa uchawi, na kuna watoto waliofukuzwa nyumbani kwa neno hilohilo. Ujerumani nako, miaka 200 kabla ya ndugu Grimm, wanawake walichomwa moto kwa maelfu. Kikongwe maskini anayeishi peke yake msituni na kusukumwa ndani ya tanuri. Hapana, hiyo hatukuisimulia. Tulisimulia njaa, msitu, na watoto wawili waliokumbuka njia. Mwenye nyumba tulimwacha awe mtu mzima mwenye tamaa, asiye na umri. Kuna aliyesema tumeharibu hadithi ya watu. Labda. Ndugu Grimm wenyewe waliibadilisha wakati mama alipowaudhi wasomaji.

Ugomvi wa tatu ndio ulioingia moyoni. Kwa desturi ya Ujerumani nyumba inakaa mpaka Noeli iishe, kwa wengi tarehe 6 Januari, kisha watoto wanaivunja na kuila. Kwenye mitandao kuna video za watu wakizipiga nyundo huku wakicheka. Tulikuwa tumepanga hivyohivyo. Mama mmoja kutoka Uvira, ambaye ndiye aliyetutwangia sukari, alituita kando. Alisema: "Yangu waliibomoa wakiwa wanacheka. Hamtawafundisha watoto kubomoa nyumba wakicheka, mimi nikiwa hapa."

Tulijadiliana jioni mbili. Upande mmoja ulisema hiki ni chakula, na kutupa chakula wakati ndugu zetu kwenye makazi ya wakimbizi wamepunguziwa posho ni dhambi. Upande mwingine ulisema mama ana haki, tuziache zimalizike zenyewe. Mmoja akaleta habari ya Bergen, Norway, ambako tangu 1991 wananchi na shule za chekechea hujenga kila Noeli mji mzima wa biskuti za tangawizi. Novemba 2009 mtu aliingia usiku akauvunja mji wote. Watu wa Bergen walioka upya, wakaujenga tena, ukafunguliwa. Mama wa Uvira alisikiliza, akauliza: "Na huyo aliyevunja, walimkamata?" Tukasema ndiyo. Akasema, "Haya, huko ni Ulaya."

Hali ya hewa ilituharakisha. Sukari inavuta unyevu, na Jinja iko kati ya ziwa na mto. Tarehe 2 Januari bati la nyumba ya Bunia lilikuwa limeanza kulegea katikati, na sisimizi walikuwa wamepata njia mpaka kwenye hema. Ndipo mama mwenyewe akatoa shauri. Nyumba ikihamishwa, alisema, haipigwi nyundo. Unaanza na paa. Halafu kuta, moja moja, na kila kitu unampa mtu akishike.

Tulifanya hivyo tarehe 6. Yeye ndiye aliyeshusha bati kwa kisu chembamba, polepole, watoto wakiwa wamepanga foleni na sahani. Kila familia ilipata ukuta au kipande cha paa, na watoto wa jaja mwenye nyumba pia. Tukul ilifunguka palepale ilipounganishwa, magamba mawili mazima, moja likaenda kwa mama wa yule msichana. Biskuti zilikuwa zimelainika, na kwa kweli zilikuwa tamu kuliko siku ya kwanza.

Mama aliomba mlango wa nyumba ya Bunia. Aliufunga kwenye kona ya kitenge, akaenda nao kwake. Hatukumwuliza kama aliula.

Mwaka huu tutaoka tena wiki ya pili ya Desemba, hapahapa Kimaka, na wenzetu wa Mbale wanakuja. Mwenye kopo kubwa tupu la maziwa ya unga asilitupe. Kuna maombi mapya ya nyumba tatu za mviringo, na mtoto mmoja anataka mtumbwi wa Ziwa Albert. Tumemwambia mtumbwi si nyumba. Amesema alilala humo usiku mbili.